Gesi ya Texas na urithi wa George Mitchell

Novemba 2025 kampuni ya TotalEnergies ya Ufaransa iliondoa tangazo la dharura lililosimamisha mradi wake wa gesi huko Afungi, kaskazini mwa Msumbiji, tangu Aprili 2021, wapiganaji walipokuwa wameushambulia mji jirani wa Palma. Katika pwani hiyo ya Wamwani na Wamakonde, jina la George Mitchell halitajwi. Hata hivyo gesi yao iligunduliwa na kampuni iliyokuwa na makao yake katika mji alioujenga yeye.

Mitchell alizaliwa Galveston, Texas, mwaka 1919, mtoto wa mchunga mbuzi aliyehamia kutoka Ugiriki. Mwaka 1981 kampuni yake ilichimba kisima cha kwanza katika mwamba wa Barnett, ulio chini ya Fort Worth na wilaya za jirani, ng'ambo ya pili ya Dallas na viunga vyake kama Richardson. Kwamba gesi imo lilijulikana. Jinsi ya kuitoa kwa faida ndilo lililowashinda wote. Baadhi ya wakuu wenzake walimshauri aachane nalo. Akakataa, hadi mwaka 1998 wahandisi wake walipothibitisha kwamba maji mengi yenye kemikali na mchanga kidogo, yakisukumwa kwa shinikizo kubwa, huupasua mwamba huo kwa gharama nafuu. Mwaka 2002 kampuni ya Devon ilimaliza kuinunua kampuni yake kwa zaidi ya dola bilioni 3. Kufikia mwaka 2023, Marekani iliongoza duniani kwa kuuza nje gesi ya kimiminika.

Mtu huyohuyo alifungua mwaka 1974 mji wa The Woodlands, kaskazini mwa Houston, uliopangwa ili maji ya mvua yafuate njia zake za asili. Alidhamini mikutano kuhusu mipaka ya ukuaji wa uchumi na utafiti wa maendeleo endelevu. Mwaka 2012, akiwa na miaka 93, yeye na Michael Bloomberg, meya wa New York wakati huo, walidai sheria kali zaidi kwa wachimbaji. Ni rahisi kumwita mnafiki, lakini aliyekijua kisima kuliko wengine ndiye aliyekataa wachimbaji wajisimamie wenyewe.

Texas haikumsikiliza. Alifariki Julai 2013. Novemba 2014 wapiga kura wa Denton walipiga marufuku upasuaji wa miamba mjini mwao, na Mei 2015 jimbo likaipokonya miji mamlaka hayo.

Anadarko, kampuni ya The Woodlands, ndiyo iliyogundua gesi ya Rovuma mwaka 2010. Total ilinunua hisa zake mwaka 2019. Mbinu na mitaji vilivuka bahari, sheria ya ardhi haikuvuka. Huko Texas mwenye haki ya madini chini ya shamba lake hulipwa mrabaha kila gesi inapouzwa, na ndiyo maana wengi walivumilia mitambo karibu na nyumba zao. Msumbiji na Tanzania, kilicho chini ya ardhi ni mali ya taifa. Wanavijiji wa Afungi walihamishiwa Quitunda. Mtwara, watu waliuawa katika ghasia za mwaka 2013, wakazi walipopinga bomba la kuipeleka gesi Dar es Salaam. Bomba lilikamilika mwaka 2015.