Palipo na mlipuko, Yang yupo

Hebu sema ukweli. Hiyo kozi unayosoma unaiweza, ama unang'ang'ana tu kwa sababu shangazi tayari anakuita injinia mbele ya wageni? Kama ni hilo la pili, tulia kidogo usikie habari za Chen Ning Yang.

Jamaa alizaliwa mwaka wa 1922 mjini Hefei, China, mtoto wa profesa wa hisabati. Vita na Japan viliisukuma familia hadi Kunming, na huko ndiko alikosomea chuo. Mwishoni mwa 1945 akaenda Marekani akiwa na wazo moja: awe mwanafizikia wa majaribio, mtu wa kushika vyombo kwa mikono yake.

Pale Chicago, maabara ikamtoa jasho. Wenzake walimtungia utani: palipo na mlipuko, Yang yupo. Mwishowe Edward Teller, mmoja wa walimu wake, akamshauri aachane na majaribio, tasnifu yake iwe ya nadharia. Yang hakufurahi. Alilifikiria siku kadhaa, kisha akakubali, na mwaka wa 1948 akapata uzamifu wake.

Mwaka wa 1956, yeye na mwenzake Tsung-Dao Lee wakauliza swali linalofanana na la mtoto. Wanafizikia walishika kwamba maumbile hayabagui kulia na kushoto: tukio lolote ukilitazama kwenye kioo, hilo la kiooni nalo linawezekana. Wawili hao wakapekua majaribio ya nyuma. Kumbe kwa ile nguvu dhaifu inayofanya baadhi ya viini vya atomi kuvunjika, hakuna aliyewahi kupima. Watu walikuwa wanaamini tu! (Baadaye Yang na Lee walikosana vibaya, lakini hiyo ni stori ya siku nyingine.)

Sasa nani apime? Si Yang, mikono yake tushaijua. Kazi ilichukuliwa na Chien-Shiung Wu wa Chuo Kikuu cha Columbia, mzaliwa wa China vilevile na bingwa wa majaribio ya aina hiyo. Alikuwa amepanga safari ya meli na mumewe. Mume akaenda peke yake. Wu na wenzake mjini Washington walipoza kobalti-60 hadi karibu na sifuri kamili, mahali ambapo baridi haiwezi kuzidi tena, wakahesabu elektroni zinazotoka. Zilipendelea upande mmoja. Januari 1957 matokeo yakatangazwa, na mwaka huohuo Yang na Lee wakapewa Tuzo ya Nobel. Yang alikuwa na miaka 35.

Wu hakupewa. Wengi katika fizikia wanaiona hiyo kama dhuluma, nasi tuko upande wao. Swali la Yang na Lee lilikuwa zuri ajabu, lakini bila mikono ya mama huyo lingebaki karatasini. Kwa hivyo ukihama maabara kwa sababu haikuwezekani, hama kwa amani, ila usije ukamsahau atakayekufanyia ulichoshindwa. Hata kamati kubwa kama hiyo ilimsahau.

Yang alirudi kuishi Beijing uzeeni, na akiwa na miaka 82 bado aliingia darasani kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Alifariki Oktoba 2025, akiwa na miaka 103.

Na wewe, ile barua ya kuomba kubadilisha kozi bado iko kwenye simu, si ndio?