Usinunue maiki kwa macho, mzee

Najua nimepotea kitambo, UE zimetubana na kichwa kimejaa. Leo nimerudi nikiwa na hasira kidogo, na hasira yenyewe inahusu maiki.

Ni hivi. Bumu limeingia wiki hii. Jamaa ninayekaa naye chumba kaniita nione picha kwenye simu yake: maiki moja kubwa ya kondensa, ya rangi ya dhahabu, na stendi yake ya kukunja. Bei yake inakula zaidi ya nusu ya bumu. Huyu jamaa anaimba roki. Ndiyo, roki, tena ya Kiswahili, ile ya kupiga kelele hadi mishipa ya shingo inasimama. Ana nyimbo sita alizoziandika tangu mwaka wa kwanza, na mwaka huu tunamaliza. Mpiga gitaa anarudi kwao Mbeya, mimi sijui nitakuwa wapi. Zisiporekodiwa sasa, hapa hapa chumbani, ndiyo basi tena.

Nikamwambia: usinunue hiyo. Kanuna. Kwa hiyo naandika hapa ili aisome akiwa ametulia, na nyie wengine mnaotaka kufanya kosa hilo hilo msome pia.

Kosa lenyewe nalijua kwa sababu nimeshalifanya. Mwaka jana nilinunua kondensa ya bei chee kwa kuwa ilifanana na zile tunazoziona kwenye video za wasanii. Nikafunga mlango, nikabonyeza kurekodi, nikaimba. Niliposikiliza nikakuta feni, jenereta la nje, na jamaa wa chumba cha pili akigonga sufuria kwenye jiko ambalo hata haturuhusiwi kuwa nalo. Sauti yangu ilikuwemo pia, lakini kama naimba bafuni. Niliiuza kwa nusu ya bei, na mwezi ule nilikula wali maharage mpaka wauzaji wakanizoea.

Sasa tuelewane kuhusu maiki zenyewe. Zipo aina mbili ambazo mwanafunzi anakutana nazo. Ya dainamiki ina koili ndogo ya waya iliyoshikamana na utando, ndani ya sumaku. Sauti inasukuma utando, koili inacheza, umeme kidogo unazaliwa. Haihitaji umeme wa nje na inavumilia vishindo. Ya kondensa ina utando mwepesi sana mbele ya bamba lenye chaji, na mara nyingi inataka volti 48 kutoka kwenye saundi kadi. Kwa kuwa utando ni mwepesi, inanasa vitu vidogo vidogo: pumzi, mate, herufi "s", kila kitu.

Watu husema dainamiki "haisikii chumba". Si kweli kabisa, na hapa ndipo wengi tunapodanganyana. Maiki isiyo nyepesi kusikia inapunguza kila kitu kwa pamoja, sauti yako na feni. Ukiongeza geni ili sauti yako ipande, feni nayo inapanda. Kinachotenganisha koo na chumba ni vitu viwili: umbali, na upande ambao maiki imeelekea.

Chukua umbali. Ukitoka sentimita 30 ukasogea hadi sentimita 5, sauti yako kwenye maiki inapanda kwa karibu desibeli 15, lakini feni na mwangwi wa ukutani vinabaki pale pale. Hiyo ni faida kubwa kuliko chochote utakachonunua dukani. Na hapa ndipo dainamiki inashinda, kwa sababu imetengenezwa ili uisogelee. Shure SM58, iliyotoka mwaka 1966, ina kichwa cha wavu na sponji ndani kwa ajili ya mwimbaji anayegusa maiki na mdomo. Mpigie kelele, haijali. Kondensa kubwa ukiisogelea hivyo, "p" na "b" zinalipuka kama mabomu, na kwenye kiitikio saundi kadi inaweza kuzidiwa, sauti ikapasuka. Ukirudi nyuma ili isipasuke, umeshakaribisha chumba kizima kwenye wimbo.

Kuhusu upande: SM58 inasikia kwa umbo la moyo, yaani vizuri mbele, vibaya kabisa nyuma. Kwa hiyo mgongo wa maiki uelekee kwenye feni au dirisha. Hii haina gharama.

Jamaa yangu akaja na hoja yake: "Mbona Nirvana walitumia kondensa?" Kweli. Kwenye Nevermind ya mwaka 1991, prodyuza Butch Vig alimrekodi Kurt Cobain kwa Neumann U 67. Sikatai, na kelele za Cobain zimetoka safi. Lakini kaka, ile ilikuwa studio ya Sound City, Los Angeles, na ile Neumann si ndugu wa hii ya dhahabu kwenye simu yako. Mngebadilishana vyumba, angelia yeye.

Halafu angalia upande wa pili. Bono wa U2 anajulikana kwa kuimba na SM58 mkononi hata akiwa studio. Bruce Swedien alimrekodi Michael Jackson kwenye Thriller, mwaka 1982, kwa Shure SM7, ambayo ni dainamiki. Hawa walikuwa na uwezo wa kukodi maiki yoyote duniani. Dainamiki hawakuichukua kwa umaskini.

Sisemi kondensa ni mbaya. Kama unaimba taratibu na gitaa la mbao, na chumba chako kina makochi, mapazia mazito na utulivu, nunua na utafurahi. Dainamiki nayo ina kasoro zake: juu inafifia kidogo, na mwimbaji wa sauti ndogo atalazimika kuongeza geni hadi saundi kadi ianze kutoa mvumo. Lakini mwanaume anayeimba roki kwa kelele hana shida ya geni. Na kule kufifia kwa juu kunamsaidia, maana koo linalokwaruza likipita kwenye kondensa ya bei chee linaweza kuwa kama msumari kwenye bati.

Ukisogelea maiki utaona pia besi inavimba. Kwa sauti ya kiume ni nzuri mpaka kiasi fulani, inaipa kifua. Ikizidi, kata chini ya hezi 80 hadi 100 kwenye programu ya kurekodi. Hata Audacity, ambayo ni ya bure, inafanya hiyo kazi.

Tahadhari moja: SM58 za bandia ni nyingi. Ya kweli ina uzito wa karibu gramu 300, unaisikia mkononi. Ukiuziwa kwa bei ya soda, jua umenunua soda.

Juzi usiku tuliamua kujaribu badala ya kubishana. Nikaazima maiki ya kwaya, dainamiki ya zamani, wavu umebonyea kama umepigwa teke. Tukazima feni (joto lile usiulize), tukatundika mablanketi mawili nyuma ya mwimbaji kwenye kitanda cha deka, maiki ikaupa dirisha mgongo. Akaimba wimbo wa tatu, ule wa marehemu kaka yake. Mara ya kwanza alisimama mbali, kwa aibu nadhani. Nikamwambia sogea, umeze hiyo maiki. Akasogea.

Tulisikiliza kwa hedifoni moja, kila mtu sikio lake. Jenereta lilikuwepo kwa mbali sana, ukitafuta. Lakini pale anapoita jina la kaka yake, sauti ikakatika, na ule mkatiko ulikuwa mbele kabisa, hauna bafu wala feni. Hakusema kitu. Akasema tu, "turudie ubeti wa pili, nimekosea."

Mpaka naandika hapa hajafuta ile picha kwenye simu yake. Bumu ni lake, siwezi kumshikia. Ila maiki ya kwaya tunairudisha Jumamosi, kwa hiyo tuna usiku tatu na nyimbo tano. Wenye mablanketi ya ziada, tupo chumbani, bisheni hodi. Ila msigonge wakati tunarekodi!