Jozi Moja ya Viatu, Miguu Minne



 Leo tumekusudia kuzungumza juu ya mambo mawili ambayo kila nyumba huyatamani: subira na furaha. Mfano wetu tumeuchukua katika filamu ya Kiirani iitwayo kwa Kiajemi Bacheha-ye Aseman, yaani Watoto wa Mbinguni. Aliyeiandika na kuiongoza ni Majid Majidi, nayo ilitoka mwaka 1997. Ndiyo filamu ya kwanza ya Iran kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Haizidi saa moja na nusu, haina bunduki wala mambo ya kuinamisha uso, na bibi aweza kuitazama pamoja na wajukuu wake tangu mwanzo hadi mwisho.

Kisa chenyewe ni chepesi kukieleza. Katika mtaa wa watu maskini mjini Tehran kuna mtoto wa miaka tisa aitwaye Ali. Ametumwa kwa fundi kuchukua viatu vya dada yake mdogo, Zahra, vilivyokuwa vikishonwa. Njiani apitia duka la mboga kununua viazi, aviweka viatu kando kwa muda mchache, na kumbe mwokota taka avichukua kwa kudhani ni takataka. Ali arudi nyumbani mikono mitupu. Zahra hana viatu vingine. Kesho ni siku ya shule.

Sasa itazame nyumba yenyewe. Chumba ni kimoja. Mama ana maumivu ya mgongo, naye aonywa asinyanyue vitu vizito lakini kazi haimwachi. Kuna mtoto mchanga. Kodi ya nyumba haijalipwa kwa miezi kadhaa na mwenye nyumba amekwisha kuja juu. Dukani wanadaiwa. Watoto hawa wawili wayajua haya yote, ingawa hakuna aliyewaketisha akawaambia. Usiku, baba na mama wakiwa karibu, wajifanya wanaandika kazi ya shule, kumbe waandikiana ndani ya daftari. Zahra auliza atakwendaje shule bila viatu. Ali amsihi asiseme kwa baba, kwani baba hana pesa za kununulia viatu vingine. Mwisho wapatana: Zahra asoma asubuhi na Ali asoma mchana, basi watavaa jozi moja, raba kuukuu za Ali, kwa zamu.

Hapo ndipo mbio zinapoanza. Kila siku Zahra atoka darasani akikimbia vichochoroni, miguu yake midogo ikielea ndani ya raba kubwa. Ali amngoja kwenye kona akiwa na ndara. Wabadilishana haraka, kisha naye akimbia kuelekea shuleni kwake. Hata akimbie vipi, afika amechelewa. Mara ya kwanza aonywa. Mara ya pili aonywa kwa ukali. Mara ya tatu afukuzwa akamlete baba yake, na lau si mwalimu wa darasa kumwombea kwa kuwa ni mwanafunzi bora, angerudi nyumbani na aibu juu ya dhiki.

Wapenzi wasomaji, somo la kwanza ni hili. Sisi huzoea kusema subira tukimaanisha kukaa kimya na kungoja. Mtu akipatwa na shida twamwambia, "Subiri, Mungu yupo," kisha twaenda zetu. Watoto hawa hawakungoja. Subira yao ilikuwa na jasho. Walitafuta njia kwa kile kidogo walichokuwa nacho, wakaishika njia hiyo kila siku, wakavumilia machovu yake pasi na kulaumiana. Mwanamke anayeamka kabla ya alfajiri kukanda unga wa mahamri ya kuuza, ili mwanawe apate nauli ya shule, huyo ndiye mwenye subira. Anasubiri huku mikono yake imo kazini. Surat Al-Inshirah yatukumbusha kuwa wepesi umefungamana na uzito, na mwisho wake watuhimiza tukimaliza jambo moja tushughulike na jingine. Faraja na juhudi zimewekwa katika sura moja.

Somo la pili limo katika kisa kidogo ambacho mtazamaji mwenye haraka aweza kukipita. Baba yake Ali amepewa mabonge ya sukari ya msikiti ayavunje vipande vidogo vya kunywea chai. Ameketi sakafuni, sukari imemzunguka. Zahra amletea chai, na chai ile haina sukari kwani nyumbani imekwisha. Mtoto ashangaa: mbona sukari iko tele mbele yako? Baba amjibu kwamba sukari ile ni ya msikiti, wao wameaminiwa tu. Hachukui hata kipande.

Haya yatendwa na mtu mwenye deni dukani na kodi shingoni. Wala hatoi hotuba ndefu. Asema neno moja kisha aendelea na kazi. Lakini matunda ya neno lile twayaona baadaye. Siku moja Zahra, akiwa katika mstari shuleni, aona viatu vyake vya rangi ya waridi miguuni mwa msichana mwingine. Amfuata mpaka ajue kwao, kisha amwita kaka yake waende wakadai haki yao. Wafika karibu na nyumba ile, wajibanza pembeni kutazama. Wamwona msichana yule akitoka na baba yake, naye baba ni kipofu, mchuuzi wa kutembeza, ashikwa mkono na bintiye aongozwe njia. Ali na Zahra watazamana, kisha wageuka na kurudi kwao bila kubisha hodi.

Hakuna aliyewafundisha siku ile. Walikwisha fundishwa zamani, kwa chai isiyo na sukari. Mama akupigiaye simu akilalamika kuwa wanawe hawasikii mawaidha, pengine wanawe wasikia sana, ila wasikia yale yanayotendwa. Mtoto aliyemwona mamake akirudisha chenji iliyozidi dukani amekwisha soma amana, hata kama hajui kuliandika neno lenyewe.

Tuje sasa kwenye jambo zito zaidi, na ndilo lililotufanya tuichague filamu hii. Shuleni kwa Ali yatangazwa mashindano ya mbio ndefu baina ya shule. Ali asoma orodha ya zawadi, na jicho lake lasimama kwa mshindi wa tatu: jozi ya raba. Muda wa kujiandikisha umepita. Amwendea mwalimu wa michezo, amsihi huku akilia, mpaka mwalimu akubali kumjaribu. Amwahidi Zahra kwamba atashika nafasi ya tatu, na zile raba mpya zitabadilishwa dukani kwa viatu vya kike.

Siku ya mbio wafika watoto waliovaa viatu vya michezo vizuri, wazazi wao wamekuja na kamera. Ali yuko peke yake na zile raba zilizochakaa. Akimbia. Moyoni asikia sauti ya dada yake. Awapita wengi, akijikuta mbele apunguza mwendo kusudi wawili wamtangulie. Kisha asukumwa, aanguka, ainuka, na sasa hana nafasi tena ya kupima hatua; akimbia kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Wakimbiaji wafika kwenye utepe wamekaribiana mno. Mwalimu amnyanyua kwa furaha. Ali auliza swali moja tu: "Nimekuwa wa tatu?" Mwalimu amjibu kuwa wa tatu wapi, amekuwa wa kwanza, ndiye bingwa!

Na Ali alia. Wampiga picha akiwa na kikombe, naye ameinamisha kichwa, machozi yamtoka. Watu wote uwanjani wadhani ni machozi ya furaha.

Ndugu wasomaji, tusimame hapa kidogo. Watu wote walimpongeza mtoto huyu, na hakuna hata mmoja aliyejua alichokuwa akikitafuta. Je, nasi hatufanyi hivyo majumbani mwetu? Matokeo ya mitihani yanapotoka, swali la kwanza midomoni mwetu ni, "Amekuwa wa ngapi?" Watoto wa ndugu walinganishwa mbele ya wageni. Aliyekuwa wa kwanza avishwa shada, aliyekuwa wa kumi na tano aambiwa amtazame mwenzake. Ni mara ngapi twauliza mtoto huyu anataka nini, ana hofu ya nini, na amebeba nini moyoni kwa ajili yetu sisi? Kuwa wa kwanza si kubaya. Lakini Ali atuonyesha kwamba mtu aweza kushika kikombe cha dhahabu na asiwe na furaha, kwa sababu furaha yake ilikuwa miguuni mwa dada yake. Furaha ya kweli aghalabu hukaa katika kumpa mwingine, na ndiyo maana mtu mwenye kidogo aweza kuipata na mwenye vingi akaikosa.

Lipo jambo lingine tusilolinyamazia. Yupo atakayesema, "Kwani watoto hawa walinyamaza kwa nini? Si wangemwambia baba?" Swali hili ni la haki. Twaona kimya chao kilikuwa huruma, na huruma hiyo yasifika. Lakini ndani yake mlikuwa na hofu pia: hofu ya kugombezwa, na hofu ya kumwongezea baba mzigo asioweza kuubeba. Waswahili husema siri ya mtungi aijuaye kata. Katika nyumba zetu kuna kata ndogo ndogo zijuazo mengi. Kuna binti ambaye hasemi kuwa sare yake imembana, kwa kuwa amesikia mazungumzo ya usiku juu ya kodi. Kuna mvulana asemaye hana njaa ili wadogo zake washibe. Tusijivunie ukimya huo tukauita adabu peke yake. Umaskini si aibu, lakini pia si mapambo, wala hapana mtoto apasaye kuubeba peke yake.

Basi mzazi na afanye nini akiwa hana cha kutoa? Filamu yenyewe yatoa jibu. Kabla ya mbio zile, baba na Ali walipanda baiskeli moja wakaenda mitaa ya matajiri kutafuta kazi za bustani. Baba aona haya kuzungumza kwenye vipaza sauti vya malangoni, maneno yamkwama. Ali ndiye azungumzaye, na ndiye apataye kazi. Wakirudi na ujira, baba ataja yote atakayowanunulia, na Ali aingiza ombi lake kwa upole: viatu vya Zahra. Baba akubali palepale. Mara breki za baiskeli zakatika, waanguka, na mipango yaanguka pamoja nao. Hata hivyo yatazame yaliyotokea: siku ile moja ambayo baba na mwana walifanya kazi pamoja, mtoto alipata ujasiri wa kusema. Muda wa kukaa na mtoto haununuliwi. Kuchambua mchele pamoja, kukuna nazi pamoja, kutembea pamoja kwenda madrasa, hapo ndipo siri hufunguka.

Mwisho wa filamu, Ali arudi nyumbani. Zahra amtazama usoni, ajua kwamba raba hazikupatikana, na kabla hawajasemezana aitwa na mama. Ali avua viatu vyake, soli zimekatika. Miguu imejaa malengelenge. Aitia ndani ya birika la uani, na samaki wadogo wekundu waja kuizunguka. Lakini sisi watazamaji tumekwisha kuonyeshwa jambo ambalo yeye halijui: baba yuko njiani arudi na baiskeli yake, na juu yake, pamoja na vitu vingine alivyonunua, mna jozi mbili za viatu vipya.

Faraja imekwisha toka sokoni, haijafika tu mlangoni. Ali aketi akijiona ameshindwa, na riziki yake yaja barabarani. Wangapi miongoni mwetu tumeketi hivyo usiku wa leo, miguu ikituuma, tukidhani juhudi zetu zimepotea bure?

Twawashauri, mkiipata filamu hii, itazameni pamoja siku ya mapumziko baada ya Swala ya Isha. Ikiisha, msiwahubirie watoto. Waulizeni swali moja tu, "Wewe ungefanyaje?" kisha mnyamaze msikilize. Huenda mkasikia habari za viatu vilivyopotea zamani nyumbani mwenu bila nyinyi kujua.

Mwenyezi Mungu atujaalie subira yenye juhudi, riziki ya halali, na nyoyo zenye kuridhika. Amin.

Wabillahi tawfiq.