Kabla ya kuchukua simu ya mkopo, hesabu kilo za majani

Ukitaka kujua kwamba bonasi ya majani chai imeingia, huna haja ya kumuuliza mkulima. Tembea tu mjini Kisii, Keroka au Nyamira mwezi wa Oktoba. Vipaza sauti huwa vimetolewa nje ya maduka ya simu, vijana waliovalia fulana za rangi moja wanasakata densi kando ya barabara, na kila mpita njia huitwa "mteja wangu". Wafanyabiashara hawa si wajinga. Wanajua fika kwamba pesa hizi huja mara moja kwa mwaka, na mwenye nazo ana hamu ya kununua kitu cha kuonekana.

Mwaka jana nilifika kwa dada yangu, karibu na Kebirigo, nikakuta nyumba imegawanyika. Mwanawe wa kwanza, aliyekuwa akianza mwaka wa pili wa masomo ya ualimu katika Chuo Kikuu cha Kisii, alitaka vitu viwili: kipakatalishi, au laptopu kama wengi wetu tunavyosema, na simu mpya. Dada yake mdogo alikuwa shule ya upili na karo ya muhula ilikuwa haijakamilika. Bonasi yenyewe haikuwa ya kujivunia. Wasomaji watakumbuka kwamba mwaka wa 2025 wakulima wa Kisii na Nyamira walilalamika waziwazi kuwa walilipwa kidogo kuliko wenzao wa mashariki mwa Bonde la Ufa.

"Ndugu yangu, sema na mpwa wako," dada aliniambia akiandaa chai. "Mimi hanisikii."

"Mjomba, simu ni Sh80 tu kwa siku," kijana akajitetea. "Sh80 ni pesa gani siku hizi?"

Hapo ndipo penye mtego, msomaji wangu. Malipo ya kidogo kidogo si jambo baya kwa asili yake. Mnamo Julai 2020 kampuni ya Safaricom, ikishirikiana na Google, ilianzisha mpango ambao mtu aliweza kupata simu ya 4G akilipa kuanzia Sh20 kwa siku, na watu wengi ambao hawangeweza kutoa maelfu kwa mkupuo walinufaika. Lakini bei ya siku huficha bei ya mwaka, jinsi majani yanavyoficha nyoka.

Nilichukua kalamu tukafanya hesabu pamoja mezani. Simu aliyoipenda iliuzwa Sh18,000 taslimu. Kwa mkopo, alitakiwa kutoa Sh3,000 kwanza, kisha Sh80 kila siku kwa siku 365. Hiyo ni Sh29,200. Ukijumlisha na zile za kwanza unapata Sh32,200. Tofauti ni Sh14,200.

Kijana alinyamaza kidogo, lakini hakushtuka. Pesa zilizoandikwa kwenye karatasi hazimtishi mtu. Basi nikamwomba mama yake atusaidie. Tukachukulia kwamba kilo moja ya majani mabichi inaleta Sh25 katika malipo ya mwezi, na kwamba mchumaji hodari anajaza kilo 30 kwa siku. Simu ya taslimu ni kilo 720, yaani siku 24 za kuinama shambani. Simu ya mkopo ni kilo 1,288, karibu siku 43. Siku 19 zaidi za umande na mvua, na simu ni ile ile.

"Siku kumi na tisa!" dada akasema. "Na mgongo huu wangu?"

Kijana aliinamisha kichwa. Sikumlaumu, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kunasa. Miaka michache iliyopita nilichukua simu ya mkopo katika duka fulani. Mgonjwa akaingia nyumbani, nikakosa kulipa kwa siku nne. Siku ya tano, nikiwa ndani ya matatu kutoka Kisii nikielekea Nairobi, simu ikajifunga yenyewe. Kioo kikawa na ujumbe mmoja tu: lipa. Ilibidi nimwombe utingo aniazime kabambe yake, nitie laini yangu humo ili nipate kutuma pesa za dawa. Nilijifunza siku hiyo kwamba simu ya mkopo si yako hadi uimalize.

Nilijifunza jambo jingine pia. Kazi iliyonikwamisha, ile ya kutuma pesa, ilifanywa na simu ya bei ya chini kabisa. M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, ilitembea juu ya hizi hizi mulika mwizi. Na shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, watoto wengi wa mashambani hawakufundishwa na tabuleti bali na redio, kupitia vipindi vilivyotangazwa na KBC. Kwa hivyo swali la kwanza kuhusu kifaa chochote si bei yake. Ni hili: kitanifanyia kazi gani ambayo nilicho nacho hakifanyi?

Simu ya zamani ya mpwa wangu ilikuwa imepasuka kioo, basi. Ilipiga, ilipokea, na ujumbe wa darasa uliingia. Ile mpya ingefanya yayo hayo kwa picha nzuri zaidi.

Laptopu nayo? Hapo sikutaka kukisia. Nilimwambia arudi chuoni na daftari, na kwa wiki mbili aandike kila shilingi anayotoa kwa sababu hana laptopu. Alinipigia simu baadaye akanisomea: Sh640 katika saiba za mjini. Kati ya hizo, Sh140 zilikuwa za kutoa karatasi kwenye mashine, gharama ambayo ingebaki hata akiwa na laptopu yake. Zilizosalia ni Sh500. Kwa muhula wa wiki 14 ni Sh3,500, kwa mihula miwili Sh7,000, na kwa miaka mitatu iliyobaki Sh21,000. Tulipata laptopu iliyotumika kwa Sh17,000. Ukiweka kando Sh2,000 za fundi, bado inajilipa, ingawa kwa ukingo mwembamba. Aidha, kuna faida isiyoandikwa daftarini: kutorudi chumbani usiku kutoka saiba.

Uamuzi ukawa huo. Laptopu ikanunuliwa taslimu, simu ikabadilishwa kioo, na karo ya msichana ikalipwa kwanza kabla ya vyote viwili. Sitakudanganya kwamba kijana alifurahi sana. Alinuna wiki nzima. Lakini juzi mama yake aliniambia kwamba sasa ni yeye anayewachapia wenzake kazi zao, nao humpa kitu kidogo.

Nawe msomaji, ukiwa tayari kununua, zingatia haya. Kwanza, usinunue siku unayopata pesa. Lala nazo usiku mmoja. Pili, uliza bei ya taslimu kabla ya bei ya siku, kisha zidisha mwenyewe. Tatu, ongeza gharama zinazofuata: bando, kava, betri, fundi. Nne, kwa simu, bonyeza *#06# ulinganishe nambari itakayotokea na ile iliyo kwenye kasha. Wengi waliopuuza jambo hilo walilia baada ya Septemba 30, 2012, simu ghushi zilipozimwa nchini. Tano, kwa kitu kilichotumika, kiwashe, kitie chaji, ukae nacho nusu saa dukani, na usiondoke bila risiti iliyoandikwa muda wa dhamana. Muuzaji anayekuharakisha ana lake jambo.

Nanyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, kabla ya kumwambia mzazi "ni Sh80 tu", mwulizeni kwanza ni kilo ngapi.