Akina baba wasikwepe suala la udumavu



Natoa maoni yangu kuhusu udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake kwa kukosa lishe bora kwa muda mrefu na kuuguaugua.

Utafiti wa Serikali wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kati ya kila watoto 100 nchini wenye umri chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Wengi hudhani sababu ni njaa tu. Sivyo. Hapa Ihanja tunalima mtama, uwele na alizeti, na kuku tunafuga. Lakini mayai yanakwenda kwa mchuuzi, alizeti inauzwa yote, na mtoto wa mwaka mmoja anapewa uji mtupu asubuhi na ugali kwa mlenda jioni.

Je, nani anayeamua hivyo? Katika nyumba nyingi mwenye kauli juu ya ghala na fedha za mavuno ni baba. Lakini siku ya kliniki anayekwenda na mtoto ni mama peke yake. Mawaidha yote anapewa yeye, ambaye hana uwezo wa kuyatekeleza. Akirudi nyumbani anasubiriwa na jembe, kuni na maji. Mtoto anaachiwa dada yake wa miaka minane, naye anakula mara mbili kama watu wazima, wakati tumbo lake dogo linahitaji chakula mara tatu au nne kwa siku. Mimba nyingine ikiingia mapema, mtoto anaachishwa ziwa kabla ya wakati. Maji yakiwa machafu na choo hakuna, kuhara kunamaliza hata kile kidogo alichokula.

Wataalamu wanasema siku 1,000, tangu mimba kutungwa hadi mtoto atimize miaka miwili, ndizo zenye uzito zaidi. Sisi walimu tunampokea baada ya hapo. Uji wa shule humwondolea njaa darasani, lakini kimo na wepesi wa kuelewa uliopotea ni vigumu kuurudisha.

Mkoani Iringa, kuanzia mwaka 1983, mpango wa lishe uliosaidiwa na UNICEF na WHO uliwafanya wanavijiji wapime uzito wa watoto wao na viongozi wa kijiji wajadili matokeo. Utapiamlo mkali ulipungua, kwa kuwa jambo hilo halikuachiwa akina mama.

Kwa hiyo napendekeza kwamba akina baba wahudhurie Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Kila kaya itenge nafaka na mayai ya watoto kabla ya kuuza. Mama mjamzito na anayenyonyesha apunguziwe kazi nzito. Na mkutano mkuu wa kijiji usomewe hali ya watoto kama unavyosomewa mapato na matumizi.

Mikataba ya lishe inayosainiwa na wakuu wa mikoa ni mizuri, lakini haimpikii mtoto. Akina baba wenzangu, tuwajibike.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Ihanja, Singida.