Makofi Yakiisha, Bondia Hutunzwa Nyumbani



Vijana wengi wa parokia zetu wanapenda ngumi. Jioni utawaona wakiruka kamba na kupiga gunia la mchanga, na wazazi hufurahi kwa kuwa kijana aliye mazoezini hayuko kilabuni. Sisi wauguzi nasi tunayapenda mazoezi. Lakini mwezi huu tunaomba tuzungumze juu ya jambo lisiloonekana ulingoni, yaani hali ya bondia miaka kumi au ishirini baada ya kuvua glavu.

Wagonjwa wa namna hii huletwa kwetu wamechelewa, na anayewaleta ni mke au mama. Tunaelezwa kwamba baba huyu, ambaye hajafika hata miaka sitini, husahau alikoweka fedha, hukasirika bila sababu, ulimi wake umekuwa mzito, na akitembea hupepesuka. Majirani wameshasema ni pombe. Wengine wamesema amerogwa. Habari za ngumi hatuambiwi mpaka tuulize. "Aliacha siku nyingi, Sista," mke hujibu, "wala hakuwahi kuangushwa."

Hapo ndipo tunapokosea. Tunadhani ngumi yenye madhara ni ile inayomwangusha mtu tu. Ubongo ni laini, nao umekaa ndani ya fuvu kama maziwa mgando ndani ya kibuyu. Ukikitikisa kibuyu hakivunjiki, lakini kilichomo kimevurugika. Kila ngumi ya kichwa hutikisa ubongo, na nyuzi zake nyembamba huvutika, nyingine hukatika. Hata zile ngumi ndogondogo za mazoezini zimo katika hesabu hiyo. Miaka inapopita, protini iitwayo tau hujikusanya ndani ya seli za ubongo, nazo hufa kidogo kidogo. Hakuna dawa ya kuzirudisha. Ndiyo maana bondia aweza kustaafu akionekana mzima kabisa, ugonjwa ukaja baadaye.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1928 Dakta Harrison Martland wa Marekani aliandika juu ya mabondia waliotembea na kuongea kama walevi. Mwaka 1973 huko Uingereza Dakta Corsellis na wenzake walieleza walivyouchunguza ubongo wa mabondia 15 waliokwisha kufariki, wakakuta umeharibika. Mwaka 1983 Chama cha Madaktari cha Dunia kilitaka ngumi zipigwe marufuku.

Wazazi wetu walitusimulia pambano la Kinshasa la Oktoba 30, 1974. Muhammad Ali aliegemea kamba, akamwacha George Foreman ampige mpaka achoke, kisha akamwangusha raundi ya 8. Dunia nzima ilishangilia. Mwaka 1984, Ali akiwa na miaka 42, madaktari walimkuta na dalili za ugonjwa wa Parkinson. Mwaka 1996 huko Atlanta watu walimwona akiwasha mwenge wa Olimpiki huku mkono ukitetemeka. Alifariki mwaka 2016. Madaktari hawakukubaliana wote kama ngumi ndizo zilizomletea ugonjwa huo. Lakini Jerry Quarry, aliyepigana na Ali mwaka 1970 na 1972, ubongo wake uliharibiwa na ngumi. Kabla ya kufariki mwaka 1999, akiwa na miaka 53 tu, ndugu zake walikuwa wakimlisha na kumvisha kama mtoto mdogo.

Hapa Afrika Mashariki tunamkumbuka Robert Wangila wa Kenya, aliyepata medali ya dhahabu Seoul mwaka 1988. Alifariki Julai 1994 kwa kuumia katika pambano huko Las Vegas. Kifo cha namna hiyo huandikwa magazetini. Ugonjwa wa polepole hauandikwi, maana huishia chumbani, kati ya mgonjwa na mkewe.

Wapo watakaosema kwamba ngumi zimewatoa vijana katika umaskini na uhuni. Kwa wachache ni kweli. Watasema pia kwamba siku hizi kuna vifaa vya kujikinga. Kinga ya kichwa hupunguza kuchanika usoni, lakini haizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Glavu nayo humlinda zaidi anayepiga asivunjike vidole. Na ajali zipo katika kila mchezo, hata mpira wa miguu. Tofauti ni kwamba katika ngumi, kichwa cha mwenzako ndicho shabaha. Amri ya tano inatudai kulinda uhai na afya, yetu na ya jirani. Mwaka 2005 gazeti la Majesuiti la Roma, La Civiltà Cattolica, lililaani ngumi za kulipwa kwa sababu hiyo, nasi tunaliunga mkono.

Basi tufanye nini?

1. Kijana aendelee kukimbia, kuruka kamba na kupiga gunia. Nidhamu na afya ataipata humo. Ila asipigane kwa kupigwa kichwani, hasa akiwa bado mtoto.

2. Mtu akipigwa kichwani kisha akaumwa sana kichwa, akatapika, akaona vitu viwiliviwili, akachanganyikiwa au akalala usingizi mzito, apelekwe hospitali mara moja. Asirudi mazoezini mpaka daktari amruhusu. Pigo la pili kabla ya kupona laweza kuua.

3. Aliyewahi kupigana amwambie daktari habari hiyo, hata kama ni zamani. Apimwe na macho, maana ngumi huweza kuyapofusha. Aache pombe. Ubongo hatuwezi kuurudisha, lakini kutetemeka, huzuni na kukosa usingizi kuna tiba inayosaidia.

4. Jumuiya ndogondogo zimtembelee bondia mgonjwa na kumpokea mkewe mzigo, walau siku moja kwa juma. Tusimcheke wala kumwita mlevi.

Mzazi mpendwa, mwanao akikuomba ruhusa ya kupanda ulingoni, usiangalie zawadi ya siku hiyo peke yake. Mwulize, na ujiulize mwenyewe, ni nani atakayemlisha akifika miaka hamsini.