Gari Lisilo na Mlango



Msomaji mmoja ameniandikia kwa masikitiko. Mume wake amenunua pikipiki mbovu, ameifungua sebuleni, na tangu Pasaka familia nzima inakula chakula huku imezungukwa na vipande vya injini. Anauliza: wewe unayekaa huko Uingereza, wanawake wa huko hufanyaje na waume wa namna hii?

Dada yangu, umemwuliza mwenyewe. Mimi sikuwa na pikipiki sebuleni. Nilikuwa na gari zima, likiwa vipandevipande, gereji, ukumbini, na kwa majuma mawili ya baridi kali hata chini ya kitanda cha wageni. Basi mwezi huu nitawasimulia habari za gari hilo, maana nusura litukosanishe kabisa mimi na Baba Neema.

Sisi tumekaa Kent, kusini mashariki ya Uingereza, tangu mwaka 2004. Baba Neema ni fundi wa lifti. Mwezi Mei 2013 alituambia tunakwenda maonyesho huko Stoneleigh, katika jimbo la Warwickshire. Mimi nilijua Stoneleigh kwa maonyesho makubwa ya kilimo yaliyokuwa yakifanyika pale hadi mwaka 2009, kitu kama Nane Nane yetu, hivyo niliwavisha watoto viatu vya mpira tayari kwa kutazama ng'ombe. Hapakuwa na ng'ombe. Palikuwa na safu baada ya safu ya magari madogo ya viti viwili, hayana paa, mengi hayana hata mlango, taa zimesimama mbele kama macho ya chura, na juu ya magurudumu vimewekwa vifuniko kama vya baiskeli. Na karibu yote yalikuwa yameundwa nyumbani na wenyewe.

Kilichonishangaza zaidi ni watu wake. Kila gari lilikuwa na familia kando, viti vya kukunja, chupa ya chai, watoto wa wengine wakikaribishwa kukaa kwenye usukani. Mama mmoja mzee aliyekuwa ameketi karibu na gari la kijani aliniambia, "Viti hivi nimeshona mimi. Na nyaya zote za taa nimezifunga mimi, maana mzee wangu hatofautishi nyekundu na kijani." Nilicheka, lakini jibu lake lilinikaa moyoni. Nilikuwa nimekuja nikidhani ni mchezo wa wanaume.

Tena historia yake yenyewe imeanza na mwanamke. Kijana mmoja mhandisi wa London, Colin Chapman, aliunda gari lake la kwanza mwaka 1948 kutokana na Austin Seven kuukuu, katika gereji nyuma ya nyumba ya wazazi wa mchumba wake, Hazel Williams. Mwaka 1952 alipoanzisha kampuni ya Lotus, mtaji ulikuwa pauni 25, naye aliyemkopesha ni huyo Hazel. Walioana mwaka 1954. Mwaka 1957 ikatoka Lotus Seven, gari ambalo hayo yote niliyoyaona Stoneleigh ni watoto na wajukuu wake.

Mbona liliuzwa vipande? Sababu ni kodi. Siku hizo gari zima lilitozwa kodi ya manunuzi, lakini vipuri vya kuunda mwenyewe havikutozwa, mradi muuzaji asikupe maelezo ya namna ya kuunganisha. Inasimuliwa kwamba wauzaji walitoa maelezo ya namna ya kulifungua gari, na mnunuzi akayasoma kuanzia mwisho kurudi mwanzo! Mwaka 1973 Uingereza ilileta Kodi ya Ongezeko la Thamani, na nafuu hiyo ikaisha. Mwaka huohuo Graham Nearn wa Caterham Cars akachukua haki za kuendelea kuliunda, na mpaka leo Caterham wanaliuza, zima au vipande. Wengine wakaiga. Mwaka 1996 mwalimu mmoja, Ron Champion, alitoa kitabu cha kufundisha kuunda gari la namna hiyo kwa pauni 250 tu. Baba Neema alikinunua kitabu hicho. Nawaambieni mapema kwamba pauni 250 hazikuwa hesabu za nyumbani kwetu.

Alinunua fremu ya mabomba ya chuma, halafu Mazda MX-5 iliyooza kwa kutu. Humo akatoa injini, gia boksi, difu na breki. Kazi ilichukua miaka mitatu na pauni zinazokaribia 6,000. Miezi sita ya kwanza niliuliza kila Jumamosi, "Litaisha lini?" Swali hilo, dada yangu, liache. Halijawahi kumalizisha kazi hata siku moja. Siku nilipouliza, "Hiki ni nini?" nilielezwa difu kwa saa nzima mpaka chai ikapoa, na nikaona sura ya yule kijana aliyenichumbia.

Hapa lazima nieleze jambo la uzito, maana ndilo utamu wote wa magari haya. Gari letu la kwenda sokoni lina zaidi ya kilo 1,300. Hili dogo lina kilo 600 hivi. Jaribu kukimbia na ndoo iliyojaa maji kichwani kisha ukate kona ghafla, halafu rudia na ndoo yenye maji nusu. Ndivyo ilivyo. Gari jepesi halihitaji injini kubwa, breki zake hazichemki upesi, matairi hayaliki ovyo, na linakunja kona kabla hujamaliza kuwaza. Unakaa chini kiasi cha kuweza kunyoosha mkono na kugusa lami. Mwendo wa kilomita 60 kwa saa unauhisi kama 100.

Lakini wepesi huo una upande wa pili. Hakuna paa, hakuna mifuko ya hewa ya kukukinga. Una fremu, mikanda na akili yako. Mama mkwe alipiga simu kutoka Moshi: "Mwanangu, gari bila mlango, mtatokaje likiwaka moto?" Baba Neema akamjibu, "Mama, lisilo na mlango ndilo rahisi kutoka." Mama mkwe hakucheka. Mimi pia sikucheka.

Mwaka 2016 lilipelekwa kukaguliwa na serikali. Gari lililoundwa nyumbani haliruhusiwi barabarani bila ukaguzi huo, na si wa mchezo: wanapima breki, moshi, kelele, vioo, hata ncha za bolti zisije zikamchana mtembea kwa miguu. Lilianguka mara ya kwanza kwa ajili ya ncha kali na kioo kimoja. Jioni ile tulikaa sote wanne tukivisha nati vikofia vya plastiki. Mara ya pili likapita, na Neema akalia kwa furaha kana kwamba ni yeye aliyefaulu mtihani.

Ningependa kusema habari iliishia hapo. Lakini mwaka uliofuata Baba Neema alitaka kulipeleka kwenye kiwanja cha mbio. Huku viwanja vya mbio hufungua milango siku zisizo na mashindano, ukalipa, ukaendesha gari lako mwenyewe kwa kasi mahali pasipo malori wala watoto wavukao barabara. Nilimwuliza swali moja tu: "Likigonga ukuta, nani analipa?" Akanyamaza.

Kesho yake niliwapigia simu watu wetu wa bima mimi mwenyewe. Jibu lilikuwa fupi: bima ya barabarani haihusu kiwanja cha mbio. Kuna bima ya siku moja inayouzwa kando, lakini sehemu ya kwanza ya hasara inabaki juu yako. Na pale kiwanjani unatia sahihi kwamba umekubali hatari. Nilipomweleza, alisema najua sana kuharibu furaha ya watu. Nami nikasema maneno ambayo sitayaandika hapa. Siku mbili tulipishana jikoni bila kusemezana.

Siku ya tatu alileta daftari mezani. Tuliandika kwamba fedha za kiwanja zitatoka katika bahasha moja, itakayojazwa kwa kazi zake za ziada tu. Ada ya watoto na fedha za mama mkwe haziguswi. Bahasha ikikauka, gari linalala. Tuliwauliza pia watu wa bima ya maisha, kwa maandishi, kama wanaujua mchezo huo na kama wanaukubali, na tukangoja jibu kabla ya kulipa kiwanja. Akina mama wengi hawaulizi hili. Uliza. Mwisho nikaweka sharti langu: mara ya kwanza nakuja, nione kwa macho yangu.

Tulikwenda Brands Hatch, si mbali na kwetu. Asubuhi walikagua leseni, wakapima kelele za gari kwa chombo, kisha madereva wote wakafundishwa. Nilisimama nyuma nikisikiliza kuliko wao. Hakuna mashindano na hakuna kupima muda. Kupita gari lingine ni kwa upande mmoja tu, na kwa ridhaa ya aliye mbele. Bendera nyekundu, wote mnarudi. Mizunguko ya kwanza mnafuata gari la kuongoza polepole. Moyo wangu ulitulia kidogo. Barabara zetu za kila siku hazina adabu kama ile.

Brands Hatch iko kama bakuli, ukikaa ukingoni kwenye majani unaliona gari karibu mzunguko mzima. Njia fupi ina kilomita 1.9 hivi, kwa hiyo kila baada ya dakika moja na kitu nilimwona akipita, nami nikahesabu kama anayehesabu watoto mtoni. Mchana nikakodi kofia ngumu, nikafunga mkanda, nikakaa kiti cha pembeni.

Kona ya kwanza inaitwa Paddock Hill Bend. Barabara inapinda kulia na papo hapo inaporomoka, kama umekanyaga ngazi isiyokuwapo. Nilifumba macho. Mzunguko wa pili niliyafumbua. Ukitoka bondeni unapanda hadi kona kali ya Druids, na hapo nikaitazama mikono ya mume wangu. Mtu huyu huacha soksi popote zinapomdondokea, lakini pale kila kitu alikifanya kwa utaratibu: breki, gia, usukani, hakuna pupa. Nilisikia mtu anacheka ndani ya kofia. Kumbe ni mimi.

Oktoba 2018, katika kiwanja kingine, pupa ilimpata. Asubuhi ilikuwa ya baridi na lami ilikuwa na unyevu, matairi hayajapata joto, naye akaharakisha. Gari likazunguka kama pia na kugonga kwa pua ukuta wa matairi. Alitoka mzima, isipokuwa alama ya mkanda begani. Kurekebisha mbele, pamoja na rejeta na gurudumu, ilihitajika pauni 1,400. Bahasha ilikuwa na 310.

Alitaka kukopa benki. Nilileta daftari, nikaliweka mezani, nikaenda kuosha vyombo. Gari lililala chini ya turubai zaidi ya mwaka. Msidhani ilikuwa rahisi kwangu. Alikuwa mkimya, anakwenda gereji na kurudi, na zaidi ya mara moja nilikaribia kusema basi, chukua za akiba. Sikusema. Naye, namshukuru, hakuzichukua.

Ndipo corona ikaja mwaka 2020, tukafungiwa nyumbani, viwanja vikafungwa. Bahasha ilikuwa imejaa. Tukatengeneza wote. Nyaya za taa za mbele nimezifunga mimi, na niliposhika ile nyaya ya kijani nilimkumbuka mama mzee wa Stoneleigh. Mwaka 2021 nilirudi Brands Hatch, safari hii kwenye usukani, na mwalimu kando yangu. Alinirudia neno moja siku nzima: nitazame ninakotaka kwenda, nisitazame ukuta. Nilikuwa wa polepole kuliko wote, niliwapisha watu mpaka mkono ukachoka kuashiria, na usiku ule sikupata usingizi kwa furaha.

Siku hizi maonyesho tunayopendelea ni yale ya Jumamosi au Jumatatu ya sikukuu, ili Jumapili ibaki ilivyo. Mimi hubeba chai na kitambaa cha kushona. Watoto wa watu hukaa kwenye usukani, na mama zao husimama kando wakiniangalia kama nilivyomwangalia yule bibi.

Kwa hiyo, dada, hiyo pikipiki ihamishwe sebuleni, hilo ni haki yako na ulidai leo. Lakini kabla haijatoka, muulize kipande kimoja ni cha nini, na muulize pia fedha zake zinatoka mfuko gani. Ukipata jibu, niandikie.

Neema sasa ni msichana wa chuo, ana leseni. Juzi alimwuliza baba yake kama naye anaweza kujaribu Paddock Hill. Baba yake akanitazama mimi. Nikaenda kufungua bahasha. Ina pauni 140.